Mshipa Unaopinda Kushoto

"Wewe ndiye mwizi wa majani yangu?"

Mzee aliyeuliza alikuwa mlangoni, kofia mkononi, nami simjui. Mama alisimamisha cherehani. Mimi nilikuwa sakafuni, wino hadi viwikoni.

"Nilikuona kwenye ua wa hospitali," akaendelea. "Unasubiri mgonjwa wako huku unachuma. Mtunza bustani wa pale ni mimi, miaka thelathini na moja."

"Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi," mama akasema. "Nilimkataza, hasikii. Karibu ukae, baba."

Hakukaa. Alifungua gazeti lililolowa, akatoa tawi la mmea utambaao. Jumatatu ukuta wa bustani ungebomolewa, na mmea pamoja nao. Yeye mwenyewe alikuwa anastaafu wiki hiyohiyo. Alisikia ninachapa picha za majani kwa ubao. Alitaka moja tu.

"Ila tazama vizuri. Mshipa wa katikati unapinda kushoto. Kila anayeuchora huunyoosha, kama vile mmea umekosea."

"Nitakuchapia, mzee. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo."

Ulimi hauna mfupa. Niliahidi bila kupima nguvu zangu. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umenipa ukuta, wa kwanza tangu nihitimu: nakala kumi na mbili za picha moja, zitundikwe safu moja. Zikipungua, ukuta anapewa mwingine. Nikaamua jani la mzee ndilo litakwenda huko. Nikakata karatasi kumi na sita: kumi na mbili za ukumbi, moja yake, tatu za ajali.

Rangi zote natumia ubao mmoja. Nachapa njano kwenye karatasi zote, nachonga panapotakiwa kubaki njano, nachapa kijani juu yake, nachonga tena, hadi nikifika kwenye nyeusi, ubao umebaki mifupa. Kilichochongwa hakirudi, kwa hiyo karatasi ikiharibika huwezi kuanza nyingine. Tena kila kitu huchongwa kinyume. Ili mshipa upinde kushoto, niliupinda kulia. Mashine sina. Nasugua kwa mgongo wa kijiko.

"Kijiko changu cha kupakulia kimekuwa kijani," mama alilalamika. "Iko siku tutakula hilo jani."

Siku ya tano vidole vilikataa kukunja ngumi. Karatasi mbili zilichanika wakati wa kuzibandua. Kwenye nyeusi nikasinzia wima, nikalaza nyingine mbili nje ya alama, rangi ikasogea. Nilipoamka vizuri, nzima zilikuwa kumi na mbili.

Jumamosi asubuhi mama alizitazama zikiwa zimeanikwa kwenye kamba.

"Mpe iliyosogea," alisema polepole. "Mzee wa watu, atajuaje? Mwaka mzima umeuhangaikia ukuta huo, mwanangu."

Niliichukua. Jani lilikuwa na mishipa miwili, wa njano umepinda, na mweusi umeukimbia pembeni. Nikaikunja, nikaifunga kwa uzi. Nikakaa nayo mapajani. Kisha nikafungua fundo.

"Mama, yule atajua."

"Atajua," akashusha pumzi. "Ndio ubaya wake."

Nikapiga simu ukumbini, nikasema nitaleta kumi na moja.

"Tulikubaliana kumi na mbili, dada," akasema mwanamke wa kule.

"Ndiyo, tulikubaliana."

"Basi jaribu tena mwakani." Simu ikakatika.

Mzee alifika saa nne, shati limepigwa pasi, kofia ileile. Nilimtandazia nakala safi kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa. Aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Kidole chake kikaufuata mshipa juujuu, bila kuugusa.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto, mzee."

Akaninyanyulia macho. "Na wewe mbona umechakaa hivi? Si jani moja tu?"

Mama alicheka peke yake, kisha akamkatia uzi wa kufungia.