Mbuzi Huvuka Mara Tatu

Maji yalipofikia godoro la baba, nilikwenda kumwomba mchota mchanga mtumbwi wake. Alikuwa amekaa juu ya paa la kibanda chake, suruali ameikunja mpaka mapajani, anautazama mto kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja na mizigo mingi.

"Uchukue," aliniambia. "Lakini sikiliza, binti. Humu unaingia wewe na mtu mmoja. Au wewe na mzigo mmoja. Ukiongeza wa pili mtakunywa maji wote. Na ukimaliza uniletee, kuna wengine wanaungoja."

Nyumbani nilikuwa nimeacha watu wawili na cherehani moja.

Baba alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomlaza upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, na alilala na mkasi chini ya mto wa kulalia. Mkasi ule ulikuwa unamngoja kaka. Zamani tulikuwa na cherehani mbili. Kaka alipoingia kwenye unga aliuza moja, siku baba yuko hospitali, na baba aliporudi alikuta alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Akamsubiri kaka asinzie mchana kando ya kitanda chake, akamchoma begani. Kaka aliamka, akauchomoa mkasi, akauosha, akamwekea pale pale alipouzoea. Hakumrudishia mkono. Hilo ndilo lililonitisha kuliko damu. Nilijua baba akipata nafasi nyingine, kaka atakaa tu.

Cherehani iliyobaki ndiyo iliyotulisha. Nilipomaliza darasa la saba nilikalia kiti cha baba, nikawa nashona sare za watoto wanaoendelea na shule. Kaka alisema ameacha unga. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa dawa, akarudi anatetemeka, akanisaidia kukata vitambaa. Nilitaka kumwamini. Hata hivyo nilikuwa namtazama vidole.

Karibu yetu pakavu palikuwa mahali pamoja tu: jengo la ghorofa ambalo halijaisha, ng'ambo ya kile kilichokuwa barabara. Majirani wa karibu walikwishakimbilia upande wa shule. Hakuna aliyebaki wa kumwambia, nishikie huyu kidogo.

Niliingiza mtumbwi mpaka mlangoni. Kaka alikuwa amesimama juu ya meza, ameifunga cherehani kwa kamba na bado anaishika isianguke.

"Mzee aende kwanza," alisema. "Mimi nibaki na cherehani. Ukirudi unaichukua, ukirudi tena unanichukua mimi. Safari ni tatu tu, mdogo wangu. Ukuta wenyewe huu wa matofali mabichi, hauna subira."

Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Abaki na cherehani. Nikifika huko atakuwa ameiuza na pesa ameshazivuta."

"Atawauzia samaki, baba?" niliuliza.

"Na wale ni nani?"

Alinyoosha kidole dirishani. Vijana wanne walikuwa wanapita na mtumbwi mkubwa, wanasimama nyumba hadi nyumba, wananunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu waliokaa juu ya mapaa. Walikuwa wameshapata friji na vitanda viwili.

"Sitoki humu nikamwacha huyo na cherehani," baba alisema. "Mtanitoa maiti."

Na hakuwa anatania. Alishika mguu wa kitanda kwa mkono wake mzima, na mkono ule ulikuwa na nguvu za mikono miwili.

Nikasimama kwenye maji nikiwaza. Darasa la nne mwalimu alitupa fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, na mtumbwi unaobeba kimoja. Chui akibaki na mbuzi anamla. Mbuzi akibaki na majani anayala. Darasa zima lilishindwa. Nilipofika nyumbani kaka alinifumbulia kwa vifungo vya shati na kifuniko cha kopo. Unamvusha mbuzi kwanza. Unarudi, unamvusha chui. Halafu unafanya jambo ambalo kila mtu anaona ni ujinga: unamrudisha mbuzi. Ndipo unavusha majani, na mwisho kabisa unamfuata mbuzi.

"Kaka," nilisema, "panda wewe."

Alinitazama, akamtazama baba, akaitazama cherehani. Akapanda. Tulikuwa katikati ya maji alipofungua mdomo.

"Kwa hiyo mbuzi ni mimi."

"Usianze."

"Nauliza tu. Chui ana kiharusi, majani yana miguu ya chuma. Nikajihesabu nikajiona nimebaki peke yangu."

Nilicheka bila kupenda, na yeye akacheka, na mtumbwi ukayumba tukanyamaza wote wawili.

Nilimwacha kwenye ngazi za jengo, nikamrudia baba. Kumwingiza mtumbwini ilikuwa kama kumvalisha mtoto asiyetaka kwenda shule. Mkasi aliubana kwapani.

"Niachie huo, baba."

"Fundi haachi mkasi wake kwenye mafuriko."

Tulipofika, kaka alishuka majini bila kuambiwa, akageuka, akainama. Baba akabebwa mgongoni kwa mtoto wake mpaka ghorofa ya pili, mkono wa kushoto umepita juu ya lile bega lenye kovu. Mimi nilikuwa nyuma yao, na macho yangu hayakutoka kwenye ule mkono. Juu kule hapakuwa na ukuta wala ukingo, sakafu ya saruji tu inayokatika ghafla, na chini yake maji. Kaka alimketisha kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akachuchumaa karibu naye avute pumzi.

"Mwondoe mbele yangu," baba aliniambia mimi.

Nilipima kwa macho kutoka pale alipochuchumaa kaka mpaka mwisho wa sakafu.

"Twende, kaka."

"Turudi?"

"Turudi."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Mbuzi wa kwenye fumbo hata haulizwi kama ana baridi," alisema, akanifuata.

Safari hiyo hakucheka. Maji nyumbani yalikuwa yamefika kiunoni, na yalikuwa na kasi ambayo hayakuwa nayo mwanzo. Tulikuwa tunaifungua cherehani kamba ambayo kaka aliifungia mezani, mtumbwi wa wale vijana ukaja ukasimama dirishani kwetu.

"Mhandisi," mmoja aliita. Ndivyo mtaa ulivyomwita kaka, kwa sababu ya kutengeneza redio za watu. "Leo huuzi?"

"Duka limefungwa," kaka alisema. "Bidhaa zinaoga."

"Taja bei yako tu, bwana. Na kingine chako kipo, nimekuwekea." Akagusa mfuko wa shati, juu juu, kama anayejikuna.

Niliona vidole vya kaka vikitulia kwenye kamba. Nikangoja. Vikaendelea kufungua.

"Pitieni mwakani," alisema, akawapa mgongo.

Tuliinyanyua cherehani pamoja, tukailaza mtumbwini. Pembe ya nyumba upande wa jikoni ikaporomoka wakati ule ule, kwa sauti ndogo, kama mtu mnene anavyoketi kwenye kochi.

"Panda juu ya paa," nilimwambia. "Narudi sasa hivi."

"Nenda polepole. Hiyo imekaa juu sana, itakupindua." Akausukuma mtumbwi kwa mikono miwili mpaka ukatoka mlangoni.

Nilikwenda polepole. Nilipofika ngazini niliitoa cherehani, nikaiegemeza, nikageuka nirudi.

"Ipandishe," baba alipiga kelele kutoka juu. "Hapo chini wataichukua."

"Nimfuate kaka kwanza."

"Ipandishe, nimesema. Maji yanapanda."

Ningebishana naye, ningechelewa zaidi. Nikaivuta ngazi moja, nikapumzika, nikaivuta nyingine. Chuma kilinichubua mapaja. Baba alikuwa ananihimiza, vuta, vuta, usiigonge gurudumu, halafu nikasikia amenyamaza. Nilidhani amechoka. Niliisukuma cherehani sakafuni nikainua uso, nikamwona amekaa ameelekea upande wa nyumba yetu, mdomo wazi.

Paa letu halikuwepo. Palipokuwa na nyumba palikuwa na maji yanayozunguka, na mabati mawili yanaondoka taratibu kuelekea mto.

Nilikimbilia ngazi.

"Ningoje," baba alisema.

"Siwezi kukungoja."

"Ningoje, mama."

Alikuwa anashuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, anajitupa na kujishikiza kwa mkono mmoja. Mkasi ulidondoka ukagonga saruji, hakuuangalia. Alifika mtumbwini nikiwa bado napambana na fundo la kamba lililokazwa na maji.

"Baba, unabeba mmoja tu. Tukimpata nitamweka wapi?"

"Tukimpata nitashuka mimi."

"Utashukia wapi?"

Alikwishaushika ukingo wa mtumbwi kwa mkono wake mzima. Nilimshika kwapani nikamwingiza.

Tulipita mahali pa nyumba, tukapita mahali pa nyumba za majirani, tukafuata mkondo. Niliita mimi, akaita baba kwa ule ulimi wake mzito, mpaka sauti ikamkauka akabaki anapiga ubao wa mtumbwi kwa kiganja. Tuliyafikia yale mabati yakiwa yamenasa kwenye nguzo ya umeme. Niliyainua moja moja kwa kasia. Chini yake palikuwa na majani na kandambili moja isiyo yetu.

Mchota mchanga alituona kutoka juu ya paa la kibanda chake. Nyuma yake walikuwa wamejipanga mwanamke na watoto, na mzee mwenye redio kichwani.

"Binti, urudishe sasa," aliita. "Watu wako si wameshavuka?"

Niliinua kasia nikalitumbukiza tena majini. Baba ndiye aliyemjibu.

"Bado mmoja."