Kabati la Wastaarabu

Floribert Kalaba hakuwa na tai. Hakuwa na saa ya mkononi, wala miwani ya kuvaa bila kuumwa macho, wala tumbo la kukaza vifungo vya koti. Kifaransa cha kutokea puani kilimshinda. Na ingawa ilibaki miezi miwili tu amalize shule ya makarani ya mapadri, hakuwa na hamu hata chembe ya kuwa karani. Hilo la mwisho alilificha kama watu wanavyoficha upele.

Alichokuwa nacho ni mjomba.

Mjomba Godefroid alikuwa karani wa pili katika kampuni moja ya mizigo mjini Elizabetivili, na karani wa pili siku zile alitembea kana kwamba treni haziondoki stesheni mpaka yeye aitikie kwa kichwa. Ofisini kwake kulikuwa na nafasi ya karani msaidizi. Neno lake moja lingemwingiza Floribert. Neno jingine lingemfungia mlango.

"Weye utakaa pa kiti," alimwambia. "Bantu benye kusimama, njo bale hawakusoma."

Floribert aliitikia kwamba ndiyo, wanaosimama ndio wale wasiosoma, kisha Jumamosi akapotelea kwa fundi mmoja wa mbao kando ya mto Naviundu, akashinda huko akipiga randa. Alikuwa amesikia kwamba misheni moja karibu na Kasomeno inatafuta vijana wa kufundishwa samani. Hakumwambia mtu.

Miaka ile Serikali ya kikoloni iligawa kadi kwa Waafrika iliowahesabu kuwa wamestaarabika. Ili uipate, mkaguzi wa Kizungu alikuja kwako, akafungua droo, akapapasa shuka, akachungulia hata chooni. Wanaume wenye mabinti wa kuozwa walisimama kando ya vitanda vyao kama watoto wa shule, wakingoja kuambiwa kama wanalala vizuri.

Mjomba Godefroid na wenzake, akina Mwaba na Bwalya, walikuwa na Chama cha Wastaarabu. Kila Jumapili walikunywa limonadi na kuwasema wasiovaa soksi. Mali yao kubwa ilikuwa kabati la vyombo la mti wa mulombwa, waliloazima kwa mjane mmoja aitwaye Jeanne, pamoja na sahani na uma zilizokuwa ndani. Kabati hilo lilimtangulia mkaguzi. Akitangaza kwenda kwa Mwaba, linalala kwa Mwaba. Akitangaza kwenda kwa Bwalya, linalala kwa Bwalya. Likishahesabiwa, linapakiwa kwenye mkokoteni, na waliostaarabika wanarudi kula bukari, ugali wa kwao, kwa mkono, nyuma ya nyumba, kwa raha zao.

Zamu ya Godefroid ilipofika, Floribert ndiye aliyelisukuma. Mlango wake ulilia kama mbuzi. Hakuweza kuvumilia. Aliung'oa, akapiga randa ukingo, akaweka bawaba upya, na mlango ukajifunga kwa kidole kimoja. Alisimama akiufungua na kuufunga mpaka Mama Germaine, mke wa mjomba, akamuuliza kama ameuchumbia.

Mkaguzi alikuja asubuhi. Alihesabu uma, akasifu mapazia. Kisha akainua kitambaa cha maua kilichofunika kabati. Juu ya ubao kulikuwa na alama nyeusi ya pasi, yenye ncha kama mtumbwi.

"Alama hii nimeiona kwa Bwana Mwaba," alisema. "Huko mlango ulikuwa unalia. Naona samani zenu zinatembea mjini kuliko ninyi."

Mtu mzima, aliyevushwa bahari ili aje kuhesabu uma za wenzake, alicheka peke yake. Akaandika mstari mmoja na kuondoka bila kugusa kahawa.

Jioni chama kilikutana pale pale.

"Ni huyu mutoto!" alifoka Mwaba. "Nani alikutuma kutengeneza mulango?"

"Baba Mwaba, alama iko juu. Mulango iko mbele."

"Seremala amesema!" Bwalya alipiga makofi. "Mumuache, siku moja atatuchongea masanduku ya maiti."

Mjomba aliwanyamazisha kwa mkono. Alikuwa amepata dawa. "Tunamwandikia muzungu. Kabati ziko mbili, za fundi moja. Pasi njo ilikuwa moja, ilichoma zote." Akamsogezea Floribert karatasi na kalamu yake ya wino. "Weye uko na mwandiko muzuri. Andika, na mimi ninakutilia saini ya kazi leo leo. Ukikataa, ubaki na mbao yako."

Floribert aliwatazama. Tai tatu, na hakuna hata mmoja aliyecheka aliposikia habari ya pasi.

"Mujomba, hii njo kazi ya karani?"

"Njo yenyewe! Ulizani nini?"

Hadi dakika ile Floribert alikuwa amejiona mtovu wa shukrani. Sasa mwenye kazi mwenyewe alikuwa ameitangaza bei yake. Aliinama, akaandika bila haraka, akampa.

Godefroid alisoma, na uso wake ukaanza kuvimba. Barua haikwenda kwa mkaguzi. Ilikwenda kwa padri mkuu wa misheni ya karibu na Kasomeno, ikiomba nafasi ya kufundishwa useremala mara tu masomo yatakapokwisha.

"Unaacha kiti sababu ya kabati?"

"Kabati iko ya kweli, Mujomba."

Kutoka jikoni Mama Germaine alicheka bila kujificha. Godefroid aliishika karatasi kama mtu wa kuipasua. Lakini jicho lake likanasa mahali, na ukarani ukamshinda.

"Koma iko wapi hapa, nyuma ya salamu? Barua haitoke mu nyumba yangu bila koma!"

Floribert akachukua kalamu ile ya wino, akaweka koma. Akakunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, na kwa kuwa meza ilijaa viwiko vya wastaarabu, akaigandamiza kwa ngumi juu ya kabati, pale pale penye alama ya pasi. Kisha akatoka na bahasha mpaka posta, akaitumbukiza.