Dirisha la Kushoto

...na kwa nini aulize leo, tena sasa hivi, wakati seva ya tatu imeshazimwa na programu inangoja jibu, ndiyo au hapana, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, na binti amesimama mlangoni akipaza sauti kushinda feni, "Anti, samahani, najua uko kazini, nataka kujua tu, ni kweli baba ndiye aliyefuta?", na yeye, mikono juu ya kibodi, amejibu "Ngoja kidogo, mwanangu," kama mtu aliyebanwa, wakati kazi yenyewe haina haraka, seva mbili zilizobaki zinabeba rekodi zote za hospitali, ndivyo zilivyopangwa, tatu zinashika kitu kilekile ili moja ikianguka mgonjwa asijue, Mjomba ndiye aliyemfundisha hivyo wiki yake ya kwanza, Mjomba, idara nzima ilimwita hivyo ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote humu, alikuwa akipita nyuma ya kiti chake akisema, "Soma amri yako mara mbili, bibie, hiyo mashine haina huruma, ukiiambia ijichome kisu inajichoma," miezi mitatu sasa tangu wamzike, na binti yake huyu anaendelea, maneno yanakuja vipandevipande, kwamba ameajiriwa, kazi hiihii ya baba, hospitali nyingine, kwamba wenzake wameshajua yeye ni nani, "wananiita Binti Mfutaji, nikikaa tu kwenye kompyuta wanaambiana, jamani, wekeni nakala," anacheka, kicheko cha baba yake, kinaanzia puani, afadhali asingecheka... Siku ile, miaka miwili iliyopita, baada ya chakula cha mchana mashine yake yeye, si ya Mjomba, ilijizima ikawaka tena, madirisha mawili ya skrini aliyofungua kila siku yakarudi yamebadilishana nafasi, la majaribio aliliweka kushoto, la kazi yenyewe kulia, mwaka mzima kushoto ni kushoto, mkono haukuhitaji macho, akaandika kushoto amri ya kufuta seva zote tatu ili aanze jaribio upya, programu ikamuuliza una uhakika, akajibu ndiyo, siku zote alijibu ndiyo, kidole kilifika kabla ya akili, halafu simu ya mapokezi, ya maabara, ya wodi ya wazazi, "Jamani, wagonjwa wetu wamekwenda wapi?", nakala ya usiku ikarudisha kila kitu isipokuwa asubuhi ile, vipimo vya asubuhi nzima, watu wakatolewa damu mara ya pili, mtoto mmoja alilia mpaka ghorofa ya juu wakasikia, na yeye na Mjomba wote wawili walikuwa wakiingia kwa jina moja la msimamizi, neno la siri moja, ndivyo idara ilivyofanya kazi, kwa hiyo mashine ilijua amri imetoka kwa msimamizi, haikujua yupi, mkurugenzi akawaita, "Nani kati yenu?", na Mjomba akasema "Ni mimi," akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, basi, ndivyo anavyojisimulia kila mara, mzee alijitolea, alikuwa na moyo huo, angemzuia vipi, na yeye mimba yake ilikuwa ya miezi saba, yeyote angeelewa... "Sitamlaumu baba, Anti," binti anasema, "nilimuuliza mwenyewe kabla hajafariki, akitengeneza redio za watu pale barazani kwetu, akaniambia kamuulize mwenzangu, nikadhani ananitania," mwenzangu, alisema mwenzangu, baada ya yote yale, na hapo chumba cha mkurugenzi kinarudi, kinarudi vibaya, kwa sababu haikuwa hivyo, mkurugenzi aliuliza na Mjomba hakujibu, aligeuza shingo akamtazama, bila ukali, kama alivyomtazama kila alipokwama kwenye amri, akimpa nafasi aipate mwenyewe, na yeye akatazama zulia, lilikuwa na doa la chai karibu na mguu wa meza, mkurugenzi akakohoa, akauliza mara ya pili, na yeye bado yuko kwenye doa, wakangoja wote watatu, hata kiyoyozi kikazima kikawaka tena, ndipo mzee alipovuta pumzi akasema ni mimi, sauti ya mtu aliyechoka, na miaka miwili yeye ameyashika maneno yale mawili akakiacha kimya kilichotangulia, akamlea mtoto wake ndani ya kimya hicho... "Nirudi siku nyingine?" binti anauliza, hajaondoka mlangoni, hamhimizi, shingo ameiinamisha kidogo upande, na yeye ameitoa mikono kwenye kibodi, ameiweka mapajani, anatafuta sentensi ya namna hii inaanzia wapi, na "mimi", au na "samahani", au na jina la baba yake ambalo humu hakuna aliyewahi kulitumia, hajui, feni zinavuma, anachojua ni kwamba mzee aliendelea kumsubiri, karibu miaka miwili, mpaka alipofariki, pale barazani, vituo vinne vya basi kutoka hapa, na basi lake la jioni hupita palepale, na hakuwahi kushuka.