Msumari wa Kukunjia Mashuka

Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe mbili huku, mwenzio anashika mbili kule, mnalikung'uta, mnalivuta mpaka linanyooka, kisha mnatembea mkutane katikati, mmoja amkabidhi mwenzake. Pale kwa dobi nilipofanya kazi tulikutana hivyo mara mia kwa siku, uso kwa uso, mpaka unajua mwenzio asubuhi kanywa chai au hakunywa.

Kishindo hakuwa na mtu wa kukutana naye. Alikuwa na msumari.

Aliupigilia mwenyewe ukutani kando ya dirisha, wiki yake ya pili. Alibana pembe mbili za shuka kwa kibanio cha nguo, akakitundika kibanio kwenye msumari, akarudi nyuma na pembe nyingine, akavuta, kisha akatembea kuufuata ukuta. Hakulalamika. Mashuka yake yalikunjika sawasawa kuliko yetu.

Alikuwa na kifafa. Siku ya kwanza alipoanguka, mwenzetu Mama Pacha, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema, "Jamani, mmekisikia hicho kishindo?" Jina likamganda hapo hapo, la kwake tukalisahau. Ni huyo huyo Mama Pacha aliyetuambia kwamba kifafa kinaambukiza, na kwamba shuka ulilolishika na mgonjwa linakipitisha kama waya unavyopitisha umeme. Tukaamini. Kikombe chake cha chai tukakiweka nje ya dirisha, peke yake, kikawa kinapigwa na jua na mvua.

Mimi waliniita Mama Sala, na nililipenda jina hilo. Tangu mume wangu afariki sikuwahi kulala wala kuamka bila kupiga magoti. Kishindo nilimwombea kila siku. Nilimwombea nikiwa upande wa pili wa chumba.

Shule zilipofungwa, msimamizi alikubali binti yangu aje kutusaidia. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kitinda mimba wangu, mrefu kama baba yake na mbishi kama sijui nani. Siku ya pili tu akaniuliza, "Mama, mbona yule dada anakunja na ukuta?"

"Fanya kazi yako."

"Kazi yangu si kukunja?"

Kabla sijamshika mkono alikwisha kufika. Akakitoa kibanio kwenye msumari, akashika pembe. "Dada, vuta basi." Kishindo akageuka kuangalia nyuma yake, akidhani anaitwa mtu mwingine.

"Mama Sala," Mama Pacha akapaza sauti, "mwanao anajitafutia! Kesho wataanguka wawili, tuite na ngoma kabisa."

Binti yangu akamjibu kwa adabu zote, "Mama Pacha, wewe umekunja mashuka na mama miaka yote hii. Mbona hujaambukizwa sala?"

Chumba kizima kilicheka. Hata mimi nilicheka. Kishindo alijificha nyuma ya shuka, nikaona tu shuka linatikisika.

Lakini jioni, tukiwa jikoni, nilimkanya. "Ukimshika tena yule, huendi kazini."

"Wewe si unamwombea?"

"Kumwombea ni kumwombea."

"Sasa Mungu akikubali, atamshika kwa mikono ya nani?"

Nikamwambia aoshe vyombo.

Hakuacha. Wiki mbili nzima alikunja na Kishindo, na nilikuwa nikimchungulia usoni kila asubuhi kutafuta dalili. Sikuona kitu, ila alianza kuniangalia kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

Sasa, kwa dobi kuna sheria moja ambayo hata mgeni anafundishwa kabla ya kuonyeshwa choo: umeme ukikatika, simamisha pasi. Usiiache imelala, hata kama imepoa, kwa sababu umeme haupigi hodi unaporudi. Nilikuwa nimewafundisha sheria hiyo wote waliokuja baada yangu. Kishindo nilimfundisha mimi, kwa mbali.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa napiga pasi shuka lenye darizi, mali ya nyumba ya wageni iliyotuletea nusu ya kazi yetu. Kishindo alikuwa pembeni yangu, maana meza ya pasi ilikuwa hiyo moja tu, ndefu, naye ana pasi yake. Umeme ukakatika. Na Kishindo akaanguka.

Mama Pacha alikimbilia mlangoni. Binti yangu alipiga magoti, akamlaza ubavu, akamwekea taulo chini ya kichwa, akawa anamwambia, "Nipo, dada, nipo." Mimi niligeukia kona, nikafumba macho, nikasali. Nilisali kwa sauti. Leo nasema wazi: nilisali kwa sauti ili asije mtu akaniambia, shika miguu.

Niliposikia harufu, umeme ulikuwa umerudi zamani. Pasi yangu ilikuwa imelala juu ya darizi. Niliinyanyua, nikaisimamisha kando ya ile ya Kishindo, ambayo ilikuwa imesimama. Chini yake palikuwa na alama ya kahawia, umbo zima la pasi, na katikati tundu. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa ananitazama kutoka pale chini.

Msimamizi aliingia mbio. "Nani?"

"Unauliza nani na mtu kalala hapo?" Mama Pacha akasema kutoka mlangoni. "Kaanguka, pasi kaiacha. Tulisema sisi."

Binti yangu alinigeukia. Alinisubiri. Alinipa nafasi, kama unavyomshikia mtu mzima mlango ili apite kwanza. Mimi nikawa nanyoosha pindo la shuka ambalo tayari lilikuwa limeungua.

"Si yeye," akasema hatimaye. Alisimama wima. "Shuka ni la mama. Na pasi ni ya mama."

Msimamizi alicheka kidogo. "Mama Sala? Miaka kumi na moja hajaunguza hata leso." Kisha akanigeukia, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonimaliza. "Mama, eti ni kweli?"

Nilifikiria ada ya shule inayofunguliwa mwezi ujao. Nilifikiria jina langu. Naapa sikufikiria zaidi ya hapo.

"Mtoto ameshtuka," nikasema. "Hajui anachosema."

Kishindo alikuwa ameanza kurudiwa na fahamu. Aliketi, akaona shuka, akatuona sote tumemzunguka. Mtu wa kifafa akiamka hajui alichofanya, anaambiwa. Akaambiwa.

"Nisameheni," akasema. "Sikumbuki."

Msimamizi akamwambia asirudi. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba moto si mchezo. Kishindo alikusanya khanga yake, akakichukua kikombe chake dirishani. Alipofika mbele yangu akasimama mbali kidogo, kama tulivyomzoesha.

"Nimesikia uliniombea, mama," akasema. "Mungu akuzidishie."

Nikaitikia, "Amina."

Binti yangu alitoka naye. Kabla ya kutoka alikwenda ukutani, akawa anahangaika na kitu, sikujali.

Usiku ule sikufumba jicho, na asubuhi nilikwenda kazini maneno yakiwa mdomoni, nimeyapanga. Nilimkuta mwanamke mpya mezani, anafundishwa na Mama Pacha kusimamisha pasi. Msimamizi akanisalimia, akasema wenye nyumba ya wageni wameshapoa, yamekwisha. Basi nami nikakubali kwamba yamekwisha. Nikashika pembe mbili za shuka, mwanamke mpya akashika mbili, tukakutana katikati.

Ukutani, kando ya dirisha, palikuwa na tundu tu.

Nyumbani binti yangu hakunigombeza. Alipika, aliniandalia, alinipa shikamoo yake kila asubuhi bila kukosa. Nilikuwa nimemlea awe na adabu, na adabu ndiyo iliyobaki. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilianua mashuka yetu mawili kambani, nikaingia nayo ndani, nikamwita.

"Mwanangu, njoo tukunje."

"Yaache hapo, mama. Nitakunja."

Nikamwachia, nikaenda jikoni. Nikasikia jiwe likigonga ukuta, mara tatu, nne. Niliporudi mlangoni alikuwa amebana pembe mbili kwa kibanio, kibanio kimetundikwa kwenye msumari mzee uliopinda kidogo, na yeye anarudi nyuma akivuta.

"Nipe huku nishike," nikasema.

"Asante, mama," akasema, bila kuniangalia. "Nimeshazoea."

Akatembea kuufuata ukuta.