Swali la Maurine

Nilichoona kwanza ni mwanafunzi mmoja wa umri wa mama yetu, akitia uzi kwenye cherehani. Chuo cha ufundi kilikuwa kimepunguza wageni, kwa hiyo mwalimu alimzungusha mdogo wangu Jacklyne, aliyetaka kujiunga, madarasani kwa video, sisi tukiwa nyumbani mtaani Pipeline. Mimi nilishika simu nikiwa kando, nisionekane.

"Maurine, shika vizuri! Mwalimu anaona nusu ya uso wangu tu," Jacklyne alisema.

Mwalimu akasikia. "Kuna mwingine hapo? Ana swali kabla sijakata?"

"Ni dada yangu, mwalimu. Huyo haongeangi na watu."

Nikageuza simu upande wangu.

"Mwalimu, mimi niliachia shule darasa la sita. Nataka kujifunza kushona. Mnaweza kunichukua?"