Hundi Iliyolala Kwenye Droo

Simu ilitetemeka gizani juu ya meza ya jikoni, ikagonga bakuli la sukari, ti-ti-ti. Saa kumi na moja alfajiri hakuna anayenitafuta zaidi ya benki. Niliamka miguu peku, sakafu baridi kama barafu, nikasoma: salio lako ni hasi dola arobaini na nane.

Nilisoma tena. Ijumaa jioni nilikuwa na dola mia saba na mbili. Niliziona kwa macho yangu haya, kwenye simu hii hii. Ndipo nikamnunulia mwanangu Tessa buti za theluji za dola thelathini na nne, nikatia mafuta ya ishirini na tano, nikanunua chakula cha arobaini na moja. Ni mia moja tu! Mia sita na mbili zimekwenda wapi?

Nikafungua ukurasa wa akaunti. Usiku ule ilikuwa imepita hundi moja ya dola mia sita na kumi na tano. Kodi ya nyumba. Juu yake, faini ya thelathini na tano kwa kuvuka salio.

Nilikaa kwenye kiti nikataka kulia. Hundi ile nilimpa Bwana Gorecki, mwenye nyumba, tarehe mosi. Tulikuwa tarehe kumi na tisa. Nilishasahau kwamba haijatoka.

Na kilichonichoma hasa ni shule. Jumanne na Alhamisi jioni nasoma uwekaji wa hesabu pale chuoni. Mtihani uliopita nilipata tisini na mbili, nikasawazisha mapato na matumizi ya kiwanda kizima cha rangi. Kidaftari changu cha kuandikia hundi ninazotoa, hiki chembamba kinachokaa mbele ya pochi, mstari wake wa mwisho ni wa mwezi wa kumi na moja. Ya nini kuandika, nikajiambia, na simu inaonyesha? Kumbe simu inaonyesha kilichokwisha kutoka. Nilichoahidi mtu kwa sahihi yangu haikijui.

Ningeweza kumeza hayo yote kama si hundi ya pili. Jana nilimpa Bibi Odegaard, anayemlea Tessa nikiwa kazini, dola sitini za wiki. Kila Jumanne yeye hupeleka hundi zake benki, na leo ni Jumanne. Hundi ikirudi mara moja tu, mtoto anatolewa na nafasi inapewa anayefuata kwenye orodha. Ameibandika kanuni hiyo mlangoni, kwa maandishi makubwa. Bila yeye sina kazi, na mshahara unaingia Ijumaa.

Kulipokucha nilimvalisha Tessa zile buti, nikamwambia akanyage pakavu tu. Risiti nilikuwa nayo mfukoni. Dukani wanarudisha hela kama soli ni safi.

Bwana Gorecki alikuwa kwenye ngazi za nje akimwaga chumvi juu ya barafu.

"Mzee, ile hundi ya kodi," nikaanza, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Siku kumi na nane! Kwa nini hukuipeleka?"

Akanitazama, mkono ndani ya ndoo. "Nilikuhurumia, binti yangu. Sikukuu zimekumaliza, nikasema acha ilale kwenye droo mpaka apumue. Jumapili kijana wangu kaja kunipangia makaratasi, kaiona, kafoka: baba, hela zako zinaota ukungu! Kaipeleka jana." Akashusha macho. "Nimekuharibia?"

Nilikuwa nimebeba maneno makali tangu alfajiri. Unamgombeza vipi mtu kwa kukuonea huruma?

"Safari nyingine uipeleke siku ileile, Mzee. Huruma yako nitaipata kwenye chumvi hii unayomwaga."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Benki ilipofunguliwa saa tatu, kijana wa dirishani alibonyeza, akasubiri, akabonyeza.

"Faini naweza kukurudishia, dada. Mara moja kwa mwaka."

"Basi hii ndiyo mara moja yenyewe."

"Utabaki hasi kumi na tatu."

"Na hundi ya sitini ikija leo?"

"Tunaweza kuilipa kwa faini nyingine. Au tunairudisha."

"Ipi kati ya hizo?"

"Mashine ndiyo huamua, dada." Alisema kwa upole, kana kwamba ananipa pole ya mvua. Nikatamani kuing'oa hiyo mashine na nyaya zake.

Nikapiga hesabu njiani, nimemshika Tessa mkono: hata nikirudisha buti, thelathini na nne kutoa kumi na tatu ni ishirini na moja. Haifiki sitini. Palibaki kusema ukweli tu.

Bibi Odegaard alifungua mlango, bahasha ya hundi ikiwa kwapani, koti tayari mwilini.

"Usiipeleke yangu leo," nikasema kabla hajanisalimu. "Itarudi. Nilitumia hela ya kodi nikidhani ni yangu. Ijumaa asubuhi itapita."

"Unajua ni wangapi wameniimbia wimbo huo hapa mlangoni?"

"Wangapi walikuja kukuambia kabla haijarudi?"

Alitoa hundi yangu kwenye bahasha, akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa. "Wewe si ndiye unayesomea hesabu?"

"Ndiye mimi."

"Mungu atusaidie." Akaandika Ijumaa kwenye kipande cha karatasi ya njano, akakibandika juu ya hundi. "Saa nne nitakuwa benki. Saa nne, si saa nne na nusu."

Nilitoa kidaftari palepale kizingitini, nikakiweka juu ya paja, nikaandika: Odegaard, sitini, haijatoka. Nikapiga mstari chini yake.

Nyuma yangu nikasikia chubwi. Tessa alikuwa amesimama katikati ya dimbwi la theluji iliyoyeyuka, matope mpaka kwenye vifundo, soli habari yake imekwisha. Nikafungua mdomo nifoke. Yeye alikuwa ameinama, anachungulia miguu yake kwa makini.

"Mama, maji hayaingii."