Sufuria ya Josiah Tuckett

Mjini kwetu Marlwick, mwanamume hapigi kura mpaka awe anachemsha sufuria yake kwenye moto wake mwenyewe. Siku ile ya uchaguzi wa Bunge, Lodi Peregrine, kabaila kijana ambaye baba yake alimiliki nusu ya ardhi yetu, alikuwa sare kwa kura na Kapteni Hext. Alibaki mpiga kura mmoja tu, Josiah Tuckett, mtengeneza mapipa.

Skerrit, wakala wa Lodi, akadakia. "Huyu anakula kwa mama mkwe wake! Hana sufuria!"

"Ninayo!" Tuckett akafoka. "Dorcas, ilete waione!"

Mkewe akaileta mpaka uwanjani, wakakoka moto mbele ya umati. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukatutoa machozi. Msimamizi wa uchaguzi akatangaza kwamba maji yasipochemka kabla ya kengele ya kanisa, kura ya Tuckett itakataliwa, na yeye msimamizi ndiye atakayeamua mshindi. Msimamizi alikuwa binamu yake Lodi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza atamchagua nani.

"Tulia tu, bwana mkubwa," Skerrit akanong'ona. "Uko Bungeni tayari."

Lodi Peregrine alimtazama Tuckett akipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Sote tulijua kura ile ni ya Hext, maana baba yake Lodi alikuwa amezungushia ua malisho ya ng'ombe wa Tuckett. Lodi akavua koti lake la hariri, akapiga magoti matopeni.

"Sogea. Unapuliza kama bibi harusi."

"We bwana, utaunguza hizo nywele za bandia!" Tuckett akasema.

"Kweli." Akazivua, akaanza kupepea moto nazo.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Moto ukashika. Maji yakatokota, na kengele ilikuwa bado haijalia.

Tuckett akapanda jukwaani, akaitaja kura yake kwa sauti. "Kapteni Hext!"

Uwanja ukalipuka. Hext akabebwa juu ya kiti, mabegani mwa watu.

"Kiti cha babu yako kimekwenda!" Skerrit akapiga yowe.

"Kimekwenda kihalali," Lodi akasema, masizi puani. Kisha akacheka, nasi tuliomzomea asubuhi tukacheka naye.

Dorcas alikuwa anatumbukiza kabichi sufuriani. "Maji yameshachemka, tuyamwage? Kaa ule, bwana. Ila karoti utamenya wewe."

"Sijawahi kumenya karoti."

"Utajifunza," akasema, akimpa kisu. "Sasa una muda."